Muulize Fundi: Waya wa laki na themanini kwenye amplifaya ya laki nne

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tabata, nina amplifaya ya mtumba nilinunua laki nne, wati 50 kila upande, na spika mbili za mbao. Shida yake inavuma mmmmm hata kama sijaweka muziki. Jamaa mmoja kaniambia waya wa umeme uliokuja nayo ni mwembamba, niweke ule mnene wenye wavu mweusi kwa juu, ataniachia kwa laki na themanini, eti besi itajaa na mvumo utaisha. Mimi bajeti yangu laki moja tu. Nijichange nifikishe au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usijichange. Huyo jamaa kakufungia vitu viwili kwenye mfuko mmoja, waya na mvumo, na hivyo vitu havina hata undugu.

Tuanze na waya. Amplifaya yako ikiimba mpaka majirani wagonge mlango tuseme inakula wati 250. Gawanya kwa volti 230 unapata kama ampea 1.1, pasi ya nguo inakula mara nne ya hapo na hujawahi kusikia mtu anainunulia waya wa wavu mweusi. Waya wa kawaida wa 0.75 (milimita za mraba za shaba) wenye urefu wa mita moja na nusu, kwa mzigo huo, kwenda na kurudi unapoteza chini ya volti 0.1. Kwangu mita inasoma 231 asubuhi, jioni watu wakianza kupika na kupiga pasi inashuka mpaka 212, yaani volti 19 zimeondoka na amplifaya yangu haijawahi kulalamika, sasa hiyo sehemu ya kumi ya volti moja nani ataisikia? Na huo umeme mpaka unafika kwenye soketi yako umeshatembea nguzo kwa nguzo kutoka transfoma ya mtaani, ukaingia mita, ukapita ukutani kwenye waya wa 2.5 ule ule wa kila nyumba. Hiyo mita moja na nusu ya mwisho hata uivishe hariri haiwezi kuosha safari yote ya nyuma.

Wenye hela zao walishajaribu. Mwaka 2004 kule California, Marekani, wapenzi wa muziki walikaa wakasikilizishwa waya wa kawaida na waya wa bei ya gari bila kuambiwa upi unapiga, wakaulizwa wataje. Majibu 149, yaliyopatia 73. Ni sawa na kurusha shilingi.

Mimi mwenyewe nilishaliwa, sisemi kama malaika. Miaka ya nyuma nilinunua mmoja hivyo hivyo, mnene kama kidole gumba, plagi inang'aa dhahabu, duka silitaji. Nikakaa nao miezi kadhaa nasema mwenyewe "duh besi imekuja", mpaka siku mtoto akaukanyaga kichwani ukapasuka nikaamua kuuchana. Wavu ukatoka, chini yake mpira, chini ya mpira nyuzi za pamba kama za kushonea magunia, na katikati kabisa vijiwaya vitatu vyembamba kuliko vya jagi langu la umeme. Nikakwangua uzi mmoja kwa wembe, rangi ya shaba ikatoka kama vumbi na ndani ukawa mweupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Unene wote ule ulikuwa pamba.

Kwa hiyo unene wa nje usikudanganye, soma maandishi kwenye ganda. Ukiona 3G0.75 au 3G1.0 au 3G1.5 maana yake waya tatu, mmoja ni wa erthi, ule unaopeleka ardhini umeme ukivuja, na ile namba ni unene wa shaba yenyewe kwa milimita za mraba. Kwa amplifaya yako 0.75 inatosha kabisa, 1.0 ni raha, 1.5 ni kujidekeza lakini haina dhambi. Waya usio na maandishi yoyote achana nao. Halafu angalia plagi: ile pini ndefu ya juu ya erthi inatakiwa iwe chuma tupu mwanzo mpaka mwisho, zile mbili za chini ndizo zinavaa plastiki kidogo pale shinani. Ukikuta na ya erthi imevalishwa plastiki, rudisha, hiyo plagi katengeneza mtu asiyejua erthi ni ya nini. Fungua na kifuniko cha fyuzi, ziko feki ambazo ndani hamna fyuzi kabisa, kuna kipande cha chuma.

Bei rahisi kuliko zote ni waya wa kompyuta, ule wa nyuma ya CPU. Kama amplifaya yako ina tundu la pini tatu la namna hiyo, ndio huo huo, kichwa chake kimetengenezwa kubeba ampea 10 na wewe una moja na ushee. Pale Kariakoo wanaouza kompyuta za mtumba wanazo zimejaa kwenye maboksi, na nyingi zilikuja na mashine zenyewe kutoka Ulaya kwa hiyo uwezekano wa kupata shaba ya kweli ni mkubwa. Chagua ambao kichwa hakijalegea, hakijabadilika rangi, hakinuki kuungua. Kama tundu lako ni lile la namba nane la redio ndogo, hapo hamna cha kubadilisha, nunua namba nane nyingine nzima basi.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe nunua waya wa 3G1.5 kwa mita, plagi ya kufunga na skrubu, na kichwa cha kike cha kufunga na skrubu. Kahawia ndio moto, unaenda upande wa fyuzi, bluu nyutro, yaani wa kurudisha umeme, kijani-njano erthi, na huo wa erthi uache mrefu kidogo kuliko wenzake ili siku mtu akiuvuta uwe wa mwisho kung'oka. Fyuzi weka ya ampea 5. Ya 3 inaweza kukatika pale unapowasha tu, maana transfoma kubwa huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Na ya 13 kwenye waya mwembamba ni kualika moto, waya utaungua fyuzi inaangalia.

Sasa mvumo. Zima kila kitu, chomoa nyaya zote za nyuma, ya TV, ya kisimbuzi, ya simu, ya kompyuta, bakiza spika peke yake. Washa, sauti sifuri. Bado inavuma? Basi ugonjwa uko ndani, na kwa amplifaya ya mtumba mara nyingi ni zile kapasita kubwa za kuchuja umeme zimezeeka, hapo ipeleke kwa fundi mzuri azibadilishe. Kama imenyamaza, rudisha nyaya moja moja mpaka mvumo urudi, na ule uliourudisha ndio mchawi wako. Mara nyingi ni waya wa dishi au laptopu iliyo kwenye chaji, erthi mbili zinakutana kupitia waya wa sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja kwanza uone. Ikishindikana kuna kiboksi kidogo cha transfoma kinachokaa kwenye waya wa sauti wenyewe kutenganisha erthi, si cha bei mbaya, kinamaliza kazi palepale.

Ila nisikusikie umekata waya wa erthi kwenye plagi. Najua mafundi wa mtaani wanafanya na kweli mvumo unaisha, lakini siku waya wa moto ukigusa bodi ya amplifaya utakayeunganisha erthi ni wewe, kwa mkono wako.

Chenji ya laki yako ipeleke kwenye ekstensheni. Nina hakika bila kuja kwako kwamba una ile nyeupe inayokubali plagi za kila nchi, plagi ikiingia inacheza kama jino bovu, ukigusa unasikia chaa chaa na redio inazima. Hapo ndipo penye joto na hapo ndipo nyumba zinapoanzia kuungua. Tafuta ya matundu ya pini tatu yanayobana, yenye fyuzi, waya wake 3G1.5. Hela ikibaki isibaki, vuta spika sentimita 30 kutoka ukutani ili ujue besi yako halisi iko wapi, hiyo ni bure.

SWALI: Fundi, nimeletewa amplifaya kutoka Japani, nyuma imeandikwa 100V 50/60Hz, waya wake una pini mbili bapa. Dukani wananiambia nibadilishe waya tu niweke wa kwetu. Mwanza.

JIBU: Aisee bahati umeuliza kabla hujawasha. Waya haupunguzi volti, utaipelekea 230 kitu kinachotaka 100 na hutasikia wimbo, utasikia pu! Angalia kwanza nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti, chache zinayo. Kama haina nunua transfoma ya kushusha kutoka 230 kwenda 100, soma wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya halafu chukua transfoma ya kama mara mbili yake. Zile hertz, yaani umeme unazunguka mara ngapi kwa sekunde, zisikusumbue, kwao Tokyo wanatumia 50 na Osaka 60 kwa hiyo mashine zao zimezoea zote. Na waya wake wa pini bapa usiukate, ndio unaochomeka kwenye hiyo transfoma.

SWALI: Lile donge jeusi gumu karibu na kichwa cha waya wa kompyuta ni la nini, linasafisha sauti?

JIBU: Ndani kuna ferati, kauri yenye chuma, inazuia kelele za masafa ya redio zisitembee kwenye waya. Mvumo wa umeme ni wa hertz 50 au 100, huo unapita hapo kama hamna kitu. Ukipata waya wenye donge chukua, usiongeze hela kwa ajili yake.