Kabla ya Kuziamini Alama: Ushauri kwa Anayethibitisha Dodoso la Msongo wa Mawazo

Wanafunzi wa uzamili wanaonijia kuomba ushauri kuhusu madodoso ya msongo wa mawazo huanza, karibu wote, na swali la idadi: wanahitaji wahojiwa wangapi ili uchanganuzi wao ukubalike? Ni swali la haki na nitalijibu, lakini silo la kwanza. Kwanza ujue ni nani hasa atakayejibu dodoso lako, na ni nini kinachopita akilini mwake anapolijibu. Dodoso halina uhalali wa kudumu, yaani uthibitisho kwamba linapima kinachokusudiwa, linalotembea nao kama cheti kutoka nchi hadi nchi; uhalali huthibitishwa kwa watu fulani, katika lugha fulani na kwa matumizi fulani.

Chukua kipimo kinachojulikana zaidi katika uwanja huu, kile cha msongo kama mtu mwenyewe anavyouhisi, ambacho Sheldon Cohen, Tom Kamarck na Robin Mermelstein walikichapisha Marekani mwaka 1983. Kilikuwa na maswali 14, na kuna pia matoleo ya maswali 10 na 4. Hakiulizi kama umefiwa au umeachishwa kazi, bali ni mara ngapi, katika mwezi mmoja uliopita, umeona kwamba mambo hayatabiriki, hayadhibitiki na yamekuzidi uwezo. Wahojiwa wake wa kwanza walikuwa wanafunzi wa chuo na watu waliokuwa wakijaribu kuacha kuvuta sigara. Miaka mitano baadaye, Cohen na Gail Williamson walichapisha matokeo ya Wamarekani 2,387 waliochaguliwa kuwakilisha umma wa nchi yao, na toleo la maswali 10 likatokana na kazi hiyo. Waundaji wenyewe walieleza kwamba kipimo kiliandaliwa kwa watu waliofikia angalau masomo ya mwanzo ya sekondari. Sharti hilo husahaulika mara nyingi, ilhali huku kwetu Kenya ndilo linaloamua mambo mengi.

Ni rahisi kugawa karatasi katika ukumbi wa mihadhara wa Maseno au Egerton na kurudi na mamia ya majibu kabla ya saa sita mchana. Matokeo hayo yana thamani, mradi kichwa cha kazi yako kiseme kwamba uliwahoji wanafunzi. Ukiandika kwamba umethibitisha dodoso kwa wakazi wa kawaida, basi sampuli yako lazima iwe na mama anayeuza omena katika soko la Kibuye, mwendesha bodaboda wa Kondele, mfanyakazi wa shamba la maua la Naivasha, na mzee wa Nyakach aliyeacha shule darasa la tatu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti ya Nakuru na 1,155,574 katika kaunti ya Kisumu, na wengi wao hawaonekani nyumbani saa nne asubuhi, wakati ambapo wasaidizi wa utafiti hupenda kubisha hodi. Panga kwenda jioni, na Jumapili baada ya kanisa. Wahamasishaji wa afya ya jamii watakusaidia sana kwa sababu wanazijua kaya, lakini waombe wakutambulishe kisha waondoke, kwa maana si kila mtu atakayekiri mbele ya jirani yake kwamba mambo yamemlemea.

Kwa kuwa wengi wa wahojiwa hawa watasomewa maswali, lithibitishe dodoso lako kwa njia hiyo ya kusomewa. Majibu matano, kuanzia kutowahi kabisa hadi mara nyingi sana, huonekana wazi kwenye karatasi lakini hupotea yanaposikika tu, na mhojiwa hubaki na mawili au matatu anayoyakumbuka. Kadi yenye vikombe vitano vilivyochorwa, cha kwanza kitupu na cha mwisho kikiwa kimejaa, imenisaidia kuliko maelezo marefu. Vilevile, taja siku 30 zilizopita badala ya kusema mwezi uliopita, maana mtu anayehojiwa tarehe 20 Februari anaweza kukueleza habari za Januari, nawe utakuwa umepima karo ya shule.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni ile inayorukwa kwanza fedha zinapopungua, yaani kuketi na watu wachache, mmoja mmoja, kabla ya utafiti mkuu, ukamsomea kila mmoja swali, akajibu, kisha ukamwomba akueleze jibu hilo alilifikiaje. Hapo ndipo nilipojifunza kuyatazama kwa makini maswali manne kati ya yale kumi ya kipimo cha Cohen, la nne, la tano, la saba na la nane, ambayo yameandikwa kwa upande wa matumaini: kuwa na imani kwamba unaweza kushughulikia matatizo yako, kuona kwamba mambo yanakwenda utakavyo, na kadhalika. Alama zake hugeuzwa kabla ya kujumlishwa, kwa kuchukulia kwamba mtu mwenye msongo mwingi atakuwa na imani ndogo. Lakini mama wa Kisumu ambaye amekuambia punde tu kwamba hana raha wala usingizi, anaweza kukujibu kwa uthabiti kwamba mara nyingi sana aliamini matatizo yake yatatatuliwa, kwa sababu Mungu hajamwacha. Hajikanushi. Ameeleza tegemeo lake, na kwake kusema vinginevyo kungekuwa kukosa imani. Swali lilikusudia uwezo wake mwenyewe. Yeye amelijibu kuhusu anayemtegemea.

Hali hiyo itajitokeza tena kwenye takwimu. Katika tafiti nyingi duniani, maswali sita ya upande wa shida hujikusanya pamoja, na manne ya upande wa uwezo hujikusanya peke yake, hivyo uchanganuzi huonyesha vipengele viwili badala ya kimoja. Mtafiti asiyewasikiliza watu atakimbilia kuyafuta maswali manne ili alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja, ipande. Nakusihi usifanye hivyo kabla ya kujua kama tatizo ni uelewa, ni adabu ya kujibu, au ni kwamba kweli watu hubeba shida na matumaini kwa wakati mmoja. Alfa kubwa haithibitishi kwamba umepima msongo. Inaonyesha tu kwamba maswali yanakwenda pamoja, na maswali yanaweza kwenda pamoja yakiwa yote yanapima kitu kingine.

Sasa idadi. Kwa maswali 10, nashauri usishuke chini ya wahojiwa 200, na 300 ni bora zaidi, hasa ukitaka kugawa sampuli ili nusu moja itafute vipengele na nusu ya pili ivihakiki. Ukitaka kulinganisha wanaojibu kwa Kiswahili na wanaojibu kwa Dholuo au Kikuyu, kila kundi lifikishe idadi hiyo peke yake, na uhakikishe kwamba muundo wa kipimo unafanana katika makundi kabla ya kutangaza kwamba kundi moja lina msongo kuliko jingine.

Kuhusu kuwahoji watu mara ya pili, muda ni muhimu. Katika kazi ya 1983, uwiano kati ya majibu ya kwanza na ya pili ulikuwa 0.85 baada ya siku mbili, ukashuka hadi 0.55 baada ya wiki sita. Kushuka huko hakuonyeshi ubovu, kwa kuwa msongo hubadilika na maisha. Rudi baada ya siku chache, na usiiruhusu wiki ya kufungua shule ikakaa katikati ya mahojiano mawili.

Utakutana pia na majedwali yanayogawa alama 0 hadi 40 katika msongo wa chini, wa kati na wa juu. Waundaji wa kipimo hawakukifanya kuwa cha utambuzi wa ugonjwa, wala hawakuweka mipaka hiyo. Linganisha wastani wa makundi, lakini usimwambie mtu yeyote kwamba yumo katika tabaka fulani.

Jambo la mwisho ni zito kuliko takwimu. Ili kuonyesha kwamba alama za msongo zinaendana na za sonona bila kuwa kitu kimoja, wengi huongeza PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, na swali la tisa la dodoso hilo huuliza kuhusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Ukilitumia, jibu lolote lisilo sifuri lisomwe siku hiyo hiyo, kabla ya msaidizi wako kuondoka katika boma hilo. Kubaliana mapema na kituo cha afya chenye mhudumu wa afya ya akili, ujue siku anazopatikana, na utenge nauli ya kumfikisha mhojiwa huko katika bajeti utakayoipeleka kwa kamati ya maadili.