Huduma ya Mazishi Ni Kazi ya Muuza Majeneza

SWALI: Sisi ni Waswahili tunaosali katika kanisa moja la Episkopali hapa Marekani. Wengi tumetoka Kongo, wengine Burundi, na wachache Tanzania na Kenya. Tumepewa saa yetu ya huduma ya Kiswahili, na wazee wameniagiza niandike kibao cha nje. Je, niandike Kanisa la Episkopali, Kanisa la Kiaskofu au Kanisa Anglikana? Pia kasisi wetu ni mwanamke. Ni sawa tukimwita Mama Mchungaji? Nakutumia na tangazo letu la Jumapili uone tunavyoandika.

JIBU: Andika Kanisa la Episkopali, na chini yake, kwa herufi ndogo, Anglikana. Askofu na Episkopali ni maneno ya ukoo mmoja. Asili yake ni Kigiriki, episkopos, yaani mwangalizi. Moja limetufikia kupitia kwa Waarabu, la pili limezungukia Ulaya. Kwa hiyo "Kanisa la Kiaskofu" lina maana, ila halimtambulishi mtu. Wakatoliki wana maaskofu, Walutheri wa Tanzania wanao, na Wamethodisti wa Kongo wanao pia. Hata kanisa la Wamethodisti Weusi lililoanzishwa Philadelphia mwaka 1816 chini ya Richard Allen lina neno Episkopali katika jina lake, na wala si la Kianglikana. Ndiyo maana nakuomba uongeze lile neno la pili.

Waanglikana wa Marekani walilishika jina la Episkopali kwa sababu baada ya vita vya kujitenga na Uingereza hawakuweza kuendelea kujiita Kanisa la Uingereza. Kasisi wao Samuel Seabury alikwenda London kutafuta uaskofu akakwama, kwani sharti lilikuwa kula kiapo cha utii kwa mfalme. Akapanda hadi Aberdeen, Scotland, akawekwa wakfu huko tarehe 14 Novemba 1784. Warundi mlio nao hawatapotea mlangoni: kanisa lao la Kianglikana nalo liliwahi kuitwa la Episkopali kwa Kifaransa. Na Mkongomani akisema "kanisa yetu" mwacheni. Ndivyo Kiswahili kilivyokaa kwao.

Kibao kimekwisha. Sasa tangazo lako. Nalinakili lote:

"Huduma ya Kiswahili ni saa 4 asubuhi. Watu wa huduma ya sifa wafike saa 3. Baada ya huduma kutakuwa na huduma ya chai. Huduma ya akina mama watabaki kwa kikao. Jumamosi saa 5 ni huduma ya mazishi ya mzee wetu. Njooni tuhudumiwe."

Huduma sita na kitenzi chake cha saba, katika tangazo linaloweza kuandikwa kiganjani! Nisingekugombeza wewe peke yako, maana ugonjwa huu nausikia Nairobi, nausikia Dodoma, nausikia kila redio ya dini ninayofungua. Lakini umeniletea mwenyewe, na ndani ya tangazo hilo umo mfano ambao nimekuwa nikiupigia kelele kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie.

"Huduma ya mazishi." Pita karibu na hospitali yoyote kubwa katika miji yetu usome mabango ya barabarani. Tunatoa huduma za mazishi: majeneza, gari la kubeba maiti, maturubai, viti, sufuria za kupikia, mpiga picha. Huyo ndiye mwenye huduma ya mazishi. Ana bei yake, ana namba ya simu, na ukichelewa kumlipa gari haliondoki. Anahudumia wafiwa, anafanya kazi ya heshima, na neno lake analitumia sawasawa. Kasisi anayesimama mbele ya jeneza na kitabu cha sala mkononi hafanyi kazi hiyo. Yeye anaongoza ibada ya mazishi. Anamkabidhi marehemu kwa Mungu, anasoma Zaburi, anatupa udongo kaburini, udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, mavumbi kwa mavumbi. Mjane akisoma tangazo lako atajua ni saa ngapi, lakini hatajua kama anaitwa kuja kusali au kuja kulipia turubai. Watu wamefiwa, tuwape neno ambalo halina mchanga ndani yake.

Na neno hilo tunalo. Ibada ni mwana wa abudu, limetoka Kiarabu, na lilikuwa Kiswahili safi kabla mmisionari wa kwanza hajatia nanga Mombasa. Askofu Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, alilikuta Unguja vinywani mwa watu waliokuwa wakimwabudu Mungu siku nyingi. Hakuhitaji kulibuni. Waanglikana wa kwanza wa pwani walilipokea likiwa zima, na sisi leo tunalitupa kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja, service, kwa sala za kanisani na kwa kazi ya anayekuletea chai hotelini. Umaskini huo ni wao. Kwa nini tuukope?

Ibada humwelekea Mungu. Huduma humwelekea mtu mwenye haja. Ukisema huduma, sikio la Mswahili huuliza papo hapo: nani anahudumiwa, na amepungukiwa nini? Huduma ya kwanza ni ya aliyeumia. Huduma kwa wateja ni ya mteja. Huduma Namba ya Kenya ilikusudiwa kumfikisha raia kwenye huduma za serikali. Mkisema "huduma ya saa 4", anayehudumiwa ni nani? Mkijibu kwamba ni ninyi waumini, basi mmekuja kanisani kama wanaopanga foleni benki, na kile kitenzi chenu cha mwisho, "tuhudumiwe", kinakiri hivyo hivyo. Na mkijibu kwamba ni Mungu, Zaburi ya 100 ina kitenzi bora zaidi: "Mtumikieni Bwana kwa furaha." Mungu hutumikiwa. Hahudumiwi kama mgonjwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ninyi Waepiskopali mna hazina ya majina kuliko makanisa mengi. Kitabu cha Sala cha kanisa lenu cha mwaka 1979 kinaiweka Ekaristi kuwa ibada kuu ya siku ya Bwana. Basi iteni Ekaristi, au Ushirika Mtakatifu, au Meza ya Bwana, au Misa kama mmoja wenu alilelewa Unguja au Masasi. Mkikutana bila mkate na divai, hiyo ni Sala ya Asubuhi. Jioni kuna Sala ya Jioni. Kuna Litania, kuna Ubatizo, kuna Kipaimara askofu anapofika. Kila jina humwambia mtu avae nini moyoni kabla hajatoka nyumbani. "Huduma" haimwambii kitu.

"Huduma ya sifa" ni kwaya, au waimbaji. "Huduma ya akina mama" ni Umoja wa Akina Mama, chama kilichoanzishwa na Mary Sumner kule Uingereza mwaka 1876 na ambacho bibi zenu wamekivalia vitambaa sare kutoka Boga kule Kongo hadi Bujumbura. Na "huduma ya chai" ni chai. Andika: Baada ya ibada, karibuni chai.

Najua atakayenifungulia Biblia. Ataniambia Paulo aliandika katika Wakorintho wa kwanza, sura ya 12, kwamba "pana tofauti za huduma, na Bwana ni yeye yule." Ni kweli, na neno hilo silifukuzi kanisani. Nataka lirudi mahali pake. Fungua Matendo, sura ya 6. Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwa kuwa wajane wao walisahauliwa "katika huduma ya kila siku", na huduma yenyewe ilikuwa chakula. Mitume wakasema haipendezi waliache neno la Mungu na "kuhudumu mezani", wakachaguliwa watu saba. Neno shemasi lina asili hiyo hiyo ya mtu anayehudumu. Kwa hiyo kanisa la Mitume Watakatifu pale Manhattan, la Waepiskopali, linapowapikia wenye njaa kama lilivyoanza kufanya mwaka 1982, hapo sema huduma na uiseme kwa sauti. Parokia yenu ikigawa unga na maharage kwa wakimbizi waliofika juzi, ikimpeleka mama mjamzito kliniki kwa sababu hajui basi la kupanda, ikimkalisha mtu na fomu zake za uhamiaji, hiyo ni huduma, na haina jina zuri kuliko hilo.

Chukua mama mmoja mlei aliyeruhusiwa na askofu kuwapelekea wagonjwa Ushirika. Ekaristi ikiisha anapokea mezani kisanduku kidogo chenye mkate na divai iliyobarikiwa, anapanda gari moja kwa moja, anagonga mlango wa bibi aliyevunjika nyonga. Anaketi kitandani kwake, anamsomea Injili ya siku, anamlisha. Huyo ni mhudumu kwelikweli. Katekisimu ya kitabu kile cha 1979 ikiwataja wahudumu wa Kanisa huwataja walei kwanza, kisha maaskofu, makasisi na mashemasi. Ukiliita kila jambo huduma, hata birika la chai, mama huyu umembakizia neno gani?

Kuhusu kasisi wenu. Msimwite Mama Mchungaji. Kwetu Mama Mchungaji ni mke wa mchungaji, mwenye heshima zake, lakini hakuwekewa mikono. Kasisi wenu aliwekewa. Wanawake kumi na mmoja walipewa ukasisi Philadelphia tarehe 29 Julai 1974 kanisa likiwa bado halijaruhusu, ruhusa ikaja mwaka 1976, na ni njia ndefu mno kwa mtu kuishia kuitwa kwa cheo cha mume. Padre nalo lina ubaba ndani yake, halimkai. Mwiteni Kasisi, neno ambalo asili yake ni mzee wa kanisa na halibagui, au Mchungaji na jina lake. Siku akija askofu mwanamke, jambo ambalo Waepiskopali wamelizoea tangu Barbara Harris alipowekwa wakfu Massachusetts mwaka 1989, "Mama Askofu" ina tatizo lile lile. Semeni Askofu.