Mtoto wa jirani hajachanjwa, mbona haumwi?

SWALI: Bibi Muuguzi, shikamoo. Wanangu watatu wote nimewapeleka chanjo, kadi zao zimejaa. Jirani yangu hajampeleka wake hata mara moja. Ana miaka minne na surua hajaijua. Sasa ananicheka eti nilijisumbua bure. Je, wanangu wamemwambukiza kinga?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. "Kumwambukiza kinga" umenichekesha. Kinga ya surua haihami mwili kwenda mwili hivyo. Ila ugonjwa umekosa njia ya kumfikia.

Chukua hiyo surua. Mgonjwa mmoja akiingia kwa watu wasio na kinga kabisa, huwaambukiza 12 hadi 18. Tuseme angewapata 15, lakini 14 chanjo imewashika. Anabaki mmoja. Wenye kinga wakizidi hapo, surua inafika mahali haina pa kwenda, inakufa. Ndiyo maana tunang'ang'ania watu 95 katika kila 100 wapate dozi zote mbili.

Katika kazi yangu nililiogopa benchi la kusubiria kuliko sindano. Mwenye surua akikohoa chumbani, virusi hubaki hewani hata saa mbili baada ya yeye kuondoka. Anaingia mama na kichanga cha miezi mitano, anakaa palepale. Kichanga hicho umri wa chanjo haujafika. Nchi nyingi huanza miezi tisa. Yupo pia mtoto anayetibiwa saratani ya damu: chanjo ya surua hapewi, kwa kuwa ina virusi hai, ingawa vimedhoofishwa. Watoto waliochanjwa kama wanao ni kama mti unaowafunika wengine, na kivuli chake ni cha hao, wasio na namna nyingine. Wa jirani yako amebanana nao humo ilhali angeweza kusimama mwenyewe, na wakijazana wa aina yake, kivuli hakiwatoshi.

Tena kuna ugonjwa ambao kivuli hicho hakiuzuii hata chembe: pepopunda. Vijidudu vyake viko udongoni, havitoki kwa mtu. Siku mtoto akikanyaga msumari, hata mtaa mzima uwe umechanjwa, haimsaidii.

Usibishane naye. Unapompeleka mwanao mdogo kliniki, mpitie muende wote. Miaka minne bado anapokelewa. Aseme ukweli kwamba mtoto hana kadi, ataanzishiwa mpya. Akigombezwa kidogo, avumilie.