Kwikwi ya siku ya tatu kwa mgonjwa wa saratani ya mapafu: msirudie kosa letu

Dada, weka hiyo chupa ya siki chini. Umeandika kwamba baba yako ana saratani ya mapafu, ametoka kwenye dripu ya tibakemikali, kwikwi imeingia siku ya tatu, na unauliza kama siki na tangawizi zitaikata na ni chakula gani umpe. La chakula lingoje kwanza.

Sisi tuko Chumbageni, hapa Tanga mjini. Kwikwi ilimwanza baba usiku uleule aliorudi kutoka Dar es Salaam kwenye dozi ya pili ya tibakemikali, naye pia kwa saratani ya mapafu, nasi tukacheka. Shangazi alisema kuna mtu anamsema, akaanza kutaja watuhumiwa; kisha akalowesha kipande cha uzi na kukibandika kwenye paji la uso la baba, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Picha ya mzee wa miaka 68 mwenye uzi mwekundu usoni ninayo hadi leo.

Siku ya tatu nilikwenda duka la dawa. Muuzaji, kijana mwenye koti jeupe na uhakika usio na mpaka, hakuuliza mgonjwa anaumwa nini. Alisema ni gesi, akaniuzia dawa ya tumbo. Siku ya sita nilirudi, akaniuzia chupa kubwa zaidi, na nilipomwonyesha pakiti tupu ya deksamethasoni, ambayo baba aliandikiwa kwa siku chache tu ili kuzuia kutapika, akanijazia nyingine kwa maelezo kwamba inaleta hamu ya kula. Hasira yangu kwake haijaisha, ingawa nusu yake naistahili mimi niliyerudi.

Hamu ya kula ipi? Baba alikuwa akivizia nafasi kati ya kwikwi moja na nyingine, anaingiza kijiko cha uji upesi kama mtu anayevuka barabara, na mara nyingi kwikwi ilimwahi, uji ukaishia kwenye kanzu. Usiku alilala ameketi. Tulipomfikisha hospitali siku ya kumi alikuwa amepungua kilo 4, na dozi ya tatu ikaahirishwa.

Daktari aliuliza mambo mawili tu: ilianza lini, na anatumia dawa gani. Tulitazamana. Ikabidi mdogo wangu arudi nyumbani kuufuata mfuko wa dawa chini ya kitanda, na deksamethasoni ilipotoka humo daktari alinyamaza kidogo, kwa sababu dawa hiyo inajulikana kuleta kwikwi. Damu nayo ilionyesha sodiamu, yaani chumvi ya mwilini, imeshuka, jambo linaloweza kuletwa na baadhi ya saratani za mapafu zenyewe, na ambalo pia huchochea kwikwi. Alitueleza kwamba mshipa wa fahamu unaokiamrisha kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hushuka kutoka shingoni ukipita kando ya moyo, hivyo uvimbe au tezi za kifuani zikiugusa, kiwambo hushtuka hovyo. Hakuna siki inayofika huko.

Kwa hiyo shika hili moja: kwikwi ya mgonjwa wa saratani ikivuka saa 48 ni taarifa ya kupelekwa kwa wanaomtibu, pamoja na saa iliyoanza na kila dawa anayomeza, mitishamba ikiwemo. Deksamethasoni usiiongeze wala kuikatisha mwenyewe. Ya baba ilipunguzwa kwa mpango wa daktari. Dawa za kutuliza kwikwi zipo, lakini klopromazini hushusha presha na wazee huanguka, na baklofeni ni hatari kwa mwenye figo dhaifu, kwa hiyo usizinunue dirishani hata kijana wa koti jeupe akikuapia. Akianza kuchanganyikiwa au kupumua kwa shida, usisubiri kupambazuke.

Saa zako 48 zimekwisha. Ule mfuko wa dawa uko wapi?