Maswali na Majibu: Shimo Jeusi, Joto Lake na Taarifa Zilizomo

Makala iliyopita kuhusu mashimo meusi, yaani sehemu za anga zenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, imeleta maswali mengi kutoka kila kona ya Dar es Salaam. Nimechagua yale yanayogusa jambo ninalolipenda kuliko yote katika fizikia: kwamba joto, entropia na taarifa vinakutana kwenye hesabu moja.

Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita, Kinondoni. Tumefundishwa kuwa entropia ni kiasi cha vurugu. Shimo jeusi lina vurugu gani, wakati mtu wa nje anaona uzito, chaji na mzunguko wake tu?

Marahaba, mwanangu. Ndilo lililomkosesha usingizi Jacob Bekenstein alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Princeton, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maelezo ya vurugu yanatosha kwa mtihani, ila hapa yatakupoteza. Shika hesabu ya Ludwig Boltzmann: entropia inahesabu chembe za ndani zinaweza kujipanga kwa namna ngapi bila wewe uliye nje kuona tofauti. Kikombe cha chai ya rangi kiko mbele yako. Uzito wake unaujua, joto lake unalijua. Kila molekuli iko wapi na inaelekea wapi, hujui. Hayo usiyoyajua ndiyo entropia. Mwaka 1948 Claude Shannon, akitafuta namna ya kupima taarifa zinazopita kwenye njia za mawasiliano, aliangukia fomula yenye umbo lile lile. Kwa hiyo entropia ni taarifa iliyofichika, na unaweza kuipima kwa biti, yaani jibu moja la ndiyo au hapana.

Sasa itupe chai hiyo ndani ya shimo jeusi. John Wheeler, mwalimu wa Bekenstein, alimchokoza kwa mfano huo huo: nikichanganya chai ya moto na ya baridi nimeongeza entropia ya ulimwengu, nikiitumbukiza shimoni nimeficha ushahidi. Lakini sheria ya pili ya thermodinamiki inakataa entropia kupungua. Imekwenda wapi? Bekenstein akajibu kwamba shimo lenyewe limeibeba, na kipimo chake ni eneo la mpaka wa shimo, pale ambapo kitu kikishavuka hakirudi. Mwanafizikia Stephen Hawking alikuwa ameshaonyesha mwaka 1971 kwamba eneo hilo, kwa sheria za Einstein peke yake, halipungui kamwe.

Angalia vizuri: ni eneo, si ujazo. Upana wa shimo ukiongezeka mara mbili, entropia inaongezeka mara nne, si mara nane. Shimo lenye uzito wa Jua lingekuwa na kipenyo cha kilomita 6 hivi, pungufu ya umbali wa Posta hadi Mwenge, lakini taarifa iliyofichika humo ni biti zinazofikia 1 yenye sifuri 77. Jua lenyewe linaishia kwenye sifuri 58 hivi.

Kama mwanga wenyewe hautoki, hilo joto la shimo jeusi linatokaje? (Msomaji wa Tabata)

Dada yangu, hoja hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya wakubwa wamkatalie Bekenstein. Kitu chenye nishati na entropia hakina budi kuwa na halijoto, na chenye halijoto hutoa mionzi. Mwaka 1973 Stephen Hawking, James Bardeen na Brandon Carter waliandika kwamba mfanano wa sheria za mashimo meusi na zile za joto usichukuliwe kuwa joto la kweli. Mwaka uliofuata Hawking mwenyewe akaingiza mekanika ya kwanta, yaani sheria za chembe ndogo kabisa, kwenye hesabu, akakuta shimo linatoa mionzi kweli. Haitoki ndani, inazaliwa nje ya mpaka, kwa kuwa hata ombwe tupu halitulii, na mvutano mkali wa shimo unageuza ule mtikisiko kuwa mionzi kwa aliye mbali.

Ni joto dogo mno. Kwa shimo lenye uzito wa Jua ni kama kelvini 0.00000006 (kelvini huhesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa). Anga lenyewe lina kelvini 2.7, kwa hiyo leo shimo la namna hiyo linapokea joto jingi kuliko linalotoa. Na lina tabia ya ajabu: kadiri linavyopoteza nishati ndivyo linavyozidi kupata moto.

Je, shimo lililo katikati ya galaksi yetu litatumeza?

Hapana. Liko umbali wa miaka ya nuru kama 27,000.

Kaka, mimi ni fundi simu Kariakoo. Nasikia kufuta data kunatoa joto. Ndiyo maana simu zinachemka? Na inahusiana vipi na mashimo?

Simu inachemka kwa sababu nyingine, umeme unaopita kwenye saketi. Ila ulichosikia ni kweli. Mwaka 1961 Rolf Landauer alionyesha kwamba kufuta biti moja kuna gharama ya chini kabisa ya nishati, na mwaka 2012 jambo hilo lilipimwa maabara. Kwa joto la Dar, nyuzi 30, ungefuta biti zaidi ya bilioni 300 mara bilioni ili utoe jouli moja tu.

Uhusiano ndio huu, na naomba uusome polepole: halijoto ndiyo inayosema biti moja inagharimu nishati kiasi gani. Mahali pa baridi, biti ni rahisi. Shimo jeusi ni la baridi kupita kiasi, kwa hiyo nishati ile ile inabeba biti nyingi kupita kiasi. Chukua nishati yote ya uzito wa Jua, igawe kwa gharama ya biti moja kwenye halijoto ya shimo hilo, kisha gawa kwa mbili kwa kuwa halijoto ilibadilika shimo lilipokuwa linakua. Utarudi kwenye zile sifuri 77.

Shimo likiyeyuka lote kwa kutoa mionzi hiyo, taarifa za vitu vilivyomezwa zinapotea? (Kigamboni)

Mwaka 1976 Hawking alisema ndiyo. Mionzi yake haibebi alama yoyote ya chai iliyotumbukia. Mekanika ya kwanta inasema haiwezekani. Mwaka 1997 Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau na John Preskill: wao wakisema taarifa inapotea, Preskill akisema haipotei. Mwaka 2004, Dublin, Hawking akakubali kushindwa. Thorne hakukubali. Lililonishawishi mimi ni kazi ya Don Page ya mwaka 1993: kama taarifa haipotei, entropia ya mionzi lazima ipande, ifike kilele, kisha ishuke hadi sifuri. Mwaka 2019 hesabu mpya zikautoa mchoro huo huo. Naamini taarifa inatoka. Inatokaje, hatua kwa hatua, bado wanabishana.

Kuna lililopimwa kweli, au ni hesabu tu? (Ubungo)

Lipo. Tarehe 14 Januari 2025 vyombo vya LIGO, vilivyoko Marekani, vilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa mashimo mawili yaliyoungana. Kabla ya kuungana, maeneo ya mipaka yao kwa pamoja yalikuwa kilomita za mraba 240,000 hivi, kama robo ya Tanzania. Baada ya hapo, 400,000 hivi. Eneo liliongezeka, kama Hawking alivyosema mwaka 1971. Mionzi yake ya joto, yenyewe, haijawahi kunaswa: mashimo yote tunayoyajua ni mazito mno, na kwa hiyo ni ya baridi mno.