Stevenson na barua za kitandani
Ndugu wa Kondele, unauliza Robert Louis Stevenson, yule mwandishi Mskoti wa karne ya 19 aliyekuwa mgonjwa mara kwa mara, alijibuje barua na kufuatilia hela zake huku akitema damu. Mengi aliyafanyia kitandani. Mwaka 1893 kule Samoa, alipokatazwa kusema, alimwandikisha riwaya binti wa mkewe, Isobel, kwa lugha ya ishara za vidole, kama wafanyavyo viziwi! Biashara ndiyo ilimchanganya. Akijiuguza Saranac Lake, Marekani, 1887 hadi 1888, alikuwa na mkataba wa makala 12 za jarida la Scribner kwa dola 3,500, pesa ndefu enzi hizo. Kisha akamwahidi McClure, aliyekuwa akiyauzia magazeti hadithi, hadithi yake, amesahau kwamba haki za kuchapisha kazi zake Marekani alishawaahidi Scribner. Ikabidi awaombe Scribner radhi kwa barua. Nao wakaendelea kumchapisha.