Mapacha wasiolingana tumboni: kabla ya gramu, uliza kondo

Ukipangiwa chumba cha ultrasaundi kwa mara ya kwanza, mama mwenye mapacha ndiye atakayekutoa jasho. Vichwa viwili, miguu minne, kila mmoja anageuka pale pale unapotaka kumpima, na foleni nje haipungui. Mwishowe mashine inakupa makadirio ya uzito: huyu gramu 2400, yule 1800. Wengi wanaoanza hukimbilia kuuliza kama tofauti hiyo ni kubwa au ndogo. Mimi nataka uulize kwanza: hawa wana kondo la nyuma moja, au kila mmoja ana lake?

Wenye makondo mawili, kila mmoja anategemea lake. La mmoja likiwa dogo, au kitovu kikijishikiza vibaya ukingoni, huyo ndiye anayedumaa na mwenzake anaendelea kama kawaida. Tena hawa wengi wao ni ndugu tu waliobebwa pamoja, na ndugu si lazima walingane maumbile. Wenye kondo moja wanaunganishwa na mishipa ya damu ndani ya kondo hilo. Damu ya mmoja inaweza kuhamia kwa mwenzake, na mmoja akifia tumboni, ya aliyebaki inaweza kukimbilia ghafla upande ule. Presha yake inashuka, na ubongo wake unaweza kuumia au naye akafa. Ndiyo maana tofauti ya asilimia 20 kwa hawa na kwa wale haibebi uzito uleule.

Kondo hujulikana vizuri zaidi kati ya wiki ya 11 na wiki 13 na siku 6. Fuata utando unaowatenganisha mpaka pale unapogusana na kondo, kisha ukuze picha. Ukiona nyama ya kondo imepanda ndani ya utando na kufanya pembetatu ndogo, alama ya lamda, ni makondo mawili hata kama yameshikana. Utando mwembamba ukiligonga kondo wima kama herufi T, ni moja. Picha hiyo ihifadhi, na jibu liandike kwenye kadi ya kliniki kwa wino unaosomeka, kwa sababu mimba ikikua alama hizo hufifia, na akina mama wengi hufika kwetu wakati umeshapita. Akichelewa, tazama jinsia: mmoja wa kike na mwingine wa kiume, hesabu makondo mawili. Wakiwa jinsia moja na alama huioni, usibahatishe. Andika kwamba haijulikani, na umfuatilie kama mwenye kondo moja.

Halafu majina. Mama wa Kitanzania huenda ameshawaita Kulwa na Doto, usimkatalie. Ila kwenye ripoti andika kitu ambacho mpimaji wa mwezi ujao atakitambua: pacha 1, chini kulia, wa kike, kitovu kimeshika pembeni mwa kondo. Mkiwachanganya, chati itaonyesha mmoja kanenepa ajabu na mwingine kasimama, na mtampa mama rufaa ya hofu bure, au mtakosa kumwona anayesimama kweli.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: mkubwa toa mdogo, gawanya kwa mkubwa, zidisha kwa 100. Wale wa juu wanatofautiana kwa gramu 600, yaani asilimia 25. Ukigawanya kwa mdogo utapata 33 na kuishtua wodi nzima. Kwa kawaida tofauti ikifika 20 tunaanza kumwita mama mara kwa mara. Ikifika 25, au mmoja wao akiwa chini ya mstari wa asilimia 10 wa chati ya ukuaji, mpe rufaa.

Kumbuka kwamba makadirio ya mashine yanaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15, na kosa kubwa hutoka kwenye mzingo wa tumbo. Mapacha wanabanana, kwa hiyo tumbo la mmoja hubonyea likawa yai. Legeza mkono, usikandamize probu. Unataka mduara wenye mfuko wa chakula na mshipa wa kitovu ulioingia ini, mbavu zikilingana pande zote, bila figo. Figo ikionekana umeshuka mno, rudia. Na usilinganishe uzito wa vipimo viwili vilivyopishana chini ya wiki mbili; hapo utakuwa unapima makosa yako tu.

Wenye makondo mawili tunawapima kila wiki nne. Wa kondo moja, kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, na hapa ndipo wageni wa kazi hupitwa: hata uzito ukilingana, tazama maji na vibofu vya mkojo vya mapacha. Mmoja akiwa na mfuko wa maji usiofika sentimita 2 kwenda chini na mwenzake umepita 8 (baada ya wiki 20 wengi hutumia 10), damu inahama. Ngazi tano za hali hii alizipanga Rubén Quintero na wenzake mwaka 1999, na kibofu cha mtoa damu, yaani pacha mwenye maji kidogo, kisipoonekana, umeshavuka ya kwanza. Mama mwenyewe atakwambia tumbo limejaa ghafla na anahema akilala. Huyo anaondoka leo leo kwenda kwenye hospitali kubwa, haambiwi arudi Jumatatu. Tiba ya leza ya kuziba mishipa inayowaunganisha ipo, ingawa si kila mahali.

Utepe wa kupimia kimo cha tumbo hautakwambia ni yupi aliyebaki nyuma, usiutegemee.

Mama atakuuliza ale nini ili yule mdogo aongezeke. Mwambie ukweli: chakula hakichagui pacha. Ale vizuri kwa ajili yake mwenyewe, ameze vidonge vya damu na dawa za kuzuia malaria, na presha ipimwe kila anapokuja. Wakipunguza kucheza, chupa ikipasuka, kichwa kikimuuma sana au macho yakiona giza, asisubiri tarehe ya kadi. Jirani akimwambia mkubwa anamnyima mwenzake kwa sababu ya kosa fulani alilofanya, hakuna kosa.

Na ninyi wa wodi ya uzazi, msitupe kondo haraka. Shikeni utando wa katikati mwangani: kuta mbili nyembamba zinazopitisha mwanga ni kondo moja, utando mnene wenye tabaka zaidi ni mawili. Angalieni vitovu vimeshika wapi. Mdogo apimwe sukari na awekwe kifuani kwa mama mapema, mkubwa naye asisahaulike. Kama ripoti ilisema mawili na limetoka moja, mpelekeeni habari aliyepima.